Unapoalikwa mkahawa wa Kijapani, ulizia barafu kwanza

ASUBUHI moja mwanamke mwenye umri wa miaka 33, mhasibu katika ofisi moja jijini Nairobi, aliingia katika kliniki yangu akiwa angali amevaa nguo alizokwenda nazo karamuni usiku uliotangulia. Wafanyakazi wenzake walikuwa wakimuaga mwenzao aliyepata uhamisho, na badala ya kwenda kula nyama choma kama ilivyo ada, waliamua safari hii wakaonje mapishi ya Kijapani. Kabla hata sahani hazijaondolewa mezani, alinieleza, uso ulianza kumwaka kana kwamba ameketi mbele ya tanuri. Kichwa kikamgonga, moyo ukaenda mbio, midomo ikamwasha kama aliyetafuna pilipili manga, kisha tumbo likaanza kumwendesha. Alikesha.

Nilipomwona mengi yalikuwa yametulia. Nilimuuliza alikula nini, akasema samaki. Hapo nikaona kesi imekwisha. Nikamwambia ana mzio wa samaki, au aleji kama wengi wetu tunavyosema, nikamwandikia tembe za Piriton na kumwonya asiguse tena samaki wa aina yoyote maishani. Alipokuwa akisimama kwenda zake alisema neno ambalo lingenifumbua macho lau ningekuwa na subira: "Lakini daktari, mimi nilikataa wale wabichi. Nilikula jodari aliyekaangwa mbele ya macho yangu."

Sikumsikiliza. Kulikuwa na foleni nje.

Kwa muda wa miaka mitatu bibi huyo hakuonja samaki. Kwao ni Kilifi, na kila alipokwenda nyumbani likizoni ilibidi apikiwe chungu chake kando. Mamake, aliyewalea watoto wote kwa samaki wa kupaka, hakuamini habari za mzio. Aliamini kuwa bintiye ameingiwa na maringo ya mjini.

Ukweli niliupata kwa bahati tu. Mmoja wa waliokuwa katika karamu ile alinijia kupimwa kwa ajili ya bima, na katika mazungumzo akaitaja. Watu watatu, alisema, waliugua usiku ule kwa namna moja, na wote watatu walikuwa wamekula jodari yule yule kutoka kwenye bamba la moto. Waliokula samaki mbichi, naye akiwa mmoja wao, walilala usingizi mnono. Mzio wa samaki hauwashiki watu watatu wa meza moja kwa usiku mmoja. Ile ilikuwa sumu, nami nilikuwa nimeiita kwa jina lisilo lake.

Mwenyewe ameniruhusu kuieleza habari hii. Naieleza kwa kuwa mikahawa ya aina hii si kigeni tena katika miji yetu, na hofu tunayokwenda nayo huko mara nyingi tumeielekeza pasipostahili.

Kilichomo mezani

Kwanza, ewe msomaji ambaye hujafika huko, sushi si jina la samaki mbichi. Ni wali uliotiwa siki, sukari kidogo na chumvi, ukafinyangwa na kuwekewa kitu juu au ndani yake, mara nyingine ukiviringishwa kwa karatasi nyembamba ya mwani. Kitu hicho chaweza kuwa samaki mbichi, lakini chaweza pia kuwa yai, tango, avokado, kamba waliochemshwa au mkunga aliyebanikwa. Mkunga, kwa kawaida, haliwi mbichi, maana damu yake ina sumu ambayo moto huiharibu. Vipande vya samaki mbichi vinavyoletwa bila wali huitwa sashimi. Na lile rojo la kijani pembeni mwa sahani si avokado iliyopondwa, kama alivyodhani rafiki yangu mmoja aliyelijaza mdomoni kwa kijiko. Ni wasabi, na huwasha hadi puani.

Teppanyaki ni jambo jingine. Teppan ni bamba la chuma na yaki ni kuchoma au kukaanga. Wageni huketi kulizunguka bamba hilo huku mpishi akiwakaangia nyama, kuku, kamba na mboga papo hapo. Usidhani ni desturi ya mababu. Mkahawa wa Misono mjini Kobe ndio unaotajwa kuwa ulianzisha mtindo huu mwaka wa 1945, nayo michezo ya kurusha visu na kuwasha miali ya moto ilipata sifa nchini Marekani baada ya Hiroaki Aoki kufungua mkahawa wake wa Benihana jijini New York mwaka wa 1964.

Sushi ni ya kale zaidi. Ilianza kama njia ya kuhifadhi samaki. Walifukiwa ndani ya wali uliochachuka kwa miezi, kama vile sisi tunavyowahifadhi kwa chumvi, jua na moshi tukapata ng'onda na obambla. Sushi ya kuliwa papo hapo ilienea katika mji wa Edo, ndio Tokyo ya leo, miaka ya 1820, na siki inayotiwa katika wali ni ukumbusho wa ule uchachu. Tena siki hiyo si ya ladha tu. Wali mtupu ukiachwa katika joto la kawaida kwa saa kadhaa humea bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye sumu yake ya kutapisha haiondoki hata wali ukikaangwa upya. Siki humzuia. Kwa hivyo usishangae nikikwambia kwamba wali wa sushi ambao unautilia shaka huenda ukawa salama kuliko wali wa kukaanga uliopikwa mchana, ukaachwa jikoni hadi jioni, kisha ukamwagwa juu ya bamba la moto mbele yako kwa mbwembwe.

Sumu isiyoogopa moto

Turudi kwa jodari. Samaki huyu, pamoja na vibua, dagaa wa baharini, fulusi na jamii zao, ana kiasi kikubwa cha kemikali iitwayo histidini katika nyama yake. Anapokuwa hai haina neno. Akishakufa na kuachwa kwenye joto, bakteria walio katika matamvua na matumbo yake huigeuza histidini kuwa histamini. Nayo histamini ndiyo ile ile ambayo miili yetu huimwaga tunaposhikwa na mzio. Ndiyo sababu dalili hufanana kiasi cha kumpoteza daktari.

Histamini ikishaingia katika nyama ya samaki haitoki. Ukimchemsha ipo. Ukimkaanga ipo. Ukimgandisha kuwa jiwe ipo, na hata akitiwa mkebeni ipo. Samaki mwenyewe aweza asinuke wala asibadilike rangi. Walaji wengine huhisi mwasho kama wa pilipili ulimini, wengine hawahisi lolote. Dalili huanza dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula, na kwa watu wengi huisha katika muda wa saa kadhaa au siku moja.

Kinga yake ni moja tu, nayo hufanyika mbali na macho ya mlaji: barafu. Samaki anapaswa kupozwa punde tu anapotolewa majini, akae chini ya nyuzi 4 za sentigredi chomboni, sokoni, garini na jikoni. Akikaa juani kwa saa chache gatini, kisha akatiwa katika friji bora kuliko zote mjini, madhara yamekwisha kufanyika. Mpishi aweza kuwa hodari, jikoni pakawa safi, na mgeni bado akaumwa kwa kosa lililotokea siku mbili kabla, kilomita 500 kutoka hapo. Sisemi hivi kuwatetea wenye mikahawa. Wao ndio wanaopaswa kumkataa mchuuzi anayewaletea samaki bila barafu.

Kuna jambo la ngozi ambalo sharti nilitaje. Vitabu tulivyosomea udaktari vinasema uso wa mgonjwa wa histamini huwa mwekundu. Viliandikwa zaidi na watu waliozoea wagonjwa weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani. Mgonjwa atakwambia anahisi moto usoni na shingoni, na ukimtazama macho huenda ukayakuta mekundu. Kwa hiyo muuguzi au daktari akikutazama na kusema haoni kitu, usinyamaze. Mweleze unachohisi.

Mwambie pia mambo mawili, hata asipouliza: nani mwingine alikula sahani ile na yu hali gani, na kama umewahi kumla samaki huyo siku za nyuma bila kudhurika. Majibu ya maswali hayo mawili yangenitosha mimi asubuhi ile. Dawa za kutuliza mzio, mfano wa Piriton, husaidia katika hali zote mbili, jambo ambalo huzidisha utata. Mgonjwa hupata nafuu na daktari akadhani alipatia. Lakini mwenye mzio wa kweli yapasa ajiepushe na chakula hicho daima, na huenda akahitaji kutembea na sindano ya adrenalini, ilhali aliyekula sumu aweza kumla samaki mwingine kesho yake.

Hata hivyo usikae nyumbani ukipima ni sumu au ni mzio iwapo pumzi inakubana, ulimi au koo linavimba, sauti inakauka au unahisi kuzirai. Hayo ni ya kukimbiziwa hospitali dakika hiyo hiyo. Vivyo hivyo mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asingoje.

Kundi moja ningependa lisome aya hii mara mbili. Dawa iitwayo isoniazidi hutumika kutibu kifua kikuu, na pia hupewa watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi ili kuwakinga na kifua kikuu. Mwilini mwetu mna kimeng'enya kinachovunjavunja histamini tunayoila, na isoniazidi hukizuia kufanya kazi yake. Anayeimeza aweza kuwakwa na uso, kuumwa na kichwa na kwenda mbio moyo kwa kipande cha jodari ambacho jirani yake mezani amekila bila shida yoyote. Wengi hawaambiwi. Wanapopatwa na hali hiyo wao hulaumu vidonge na kuviacha, na kuacha dawa ya kifua kikuu katikati ni hatari kubwa kuliko samaki yeyote. Ikiwa unatumia isoniazidi, achana na jodari na vibua hadi umalize dozi. Usiiache dawa.

Kuhusu wale wabichi

Sasa tuwageukie samaki mbichi, wanaoogopwa kuliko wote. Hofu hiyo haikosi msingi. Samaki wengi wa baharini hubeba mnyoo mdogo mweupe, urefu wake sentimita mbili au tatu, aitwaye Anisakis. Makao yake ya mwisho ni tumbo la nyangumi, pomboo au sili; binadamu humpata kwa ajali tu. Akimezwa akiwa hai hujaribu kujipenyeza katika ukuta wa tumbo, na mgonjwa hushikwa na maumivu makali ghafla saa chache baada ya kula, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Nina hakika wengine wameambiwa wana vidonda vya tumbo wakapewa dawa za asidi, kwa kuwa hakuna aliyewauliza walikula nini. Tiba yake ni kumtoa mnyoo kwa endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera, na maumivu hupungua mara.

Lakini mnyoo huyu ana adui, naye ni baridi kali. Waholanzi, ambao hupenda kula samaki aina ya hering akiwa karibu mbichi, ndio waliokuwa wa kwanza kumfahamu kama ugonjwa wa binadamu, mambo yaliyochapishwa mwaka wa 1960. Mwaka wa 1968 serikali yao iliamuru hering wote wagandishwe kabla ya kuuzwa. Leo Marekani hutaka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sufuri kwa siku saba, au nyuzi 35 chini ya sufuri kwa saa 15, isipokuwa aina chache kama vile jodari wakubwa. Kijisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji zetu za nyumbani mara nyingi hakifiki baridi hiyo. Wasabi haimuui mnyoo huyu. Siki na ndimu pia hazimuui, ijapokuwa nimewasikia watu wazima wakiapa kwamba zinamuua.

Kwa sababu hii mhudumu anayejigamba kwamba samaki wake "hajawahi kuona friza" asikufurahishe. Jijini Tokyo kwenyewe, jodari wengi wanaonadiwa sokoni hufika wakiwa wamegandishwa melini kwa takriban nyuzi 60 chini ya sufuri, wamelala sakafuni kama magogo yenye ukungu mweupe. Naye samoni, ambaye sasa ndiye kipenzi cha wengi katika sushi, hakuwa akiliwa mbichi na Wajapani kwa kawaida. Waliogopa minyoo. Wauzaji kutoka Norway ndio waliowashawishi kuanzia miaka ya 1980, wakiwa na samoni wa kufugwa ambaye hulishwa chakula cha viwandani na hivyo ni nadra kuwa na mnyoo.

Baridi haiui kila kitu, bila shaka. Mwaka wa 1950 huko Osaka watu 272 waliugua na 20 wakafa baada ya kula vidagaa vilivyokaushwa nusu. Katika uchunguzi wa mkasa huo Daktari Tsunesaburo Fujino aligundua bakteria wa maji ya chumvi ambaye sasa huitwa Vibrio parahaemolyticus. Huyo huongezeka upesi mno samaki au kamba akiachwa kwenye joto. Tena tunarudi kwenye barafu.

Na tafadhali, usije ukatamani kufanya sushi yako nyumbani kwa ngege au mbuta. Samaki wa maji baridi wana minyoo yao, ya ini na ya utumbo, na wapishi wa Kijapani wenyewe hawana mazoea ya kuwala wabichi. Ngege wetu na akae kwenye mafuta yanayochemka, ugali na mboga ya kunde pembeni.

Mtu aweza kuniuliza habari za fugu, yule samaki mwenye sumu ya kuua anayesimuliwa sana. Sisi twamjua jamaa yake, bunju, na wavuvi wa pwani humtupa bila kuuliza. Japani mpishi sharti awe na leseni ili amwandae, na ini lake limepigwa marufuku. Mchezaji tamthilia mashuhuri Bando Mitsugoro wa Nane alikufa mwaka wa 1975 baada ya kulila ini hilo mjini Kyoto. Ukimkuta bunju kwenye orodha ya chakula hapa kwetu, ondoka.

Mbele ya bamba la moto

Uzuri wa teppanyaki ni kwamba jikoni pako mbele yako. Itumie nafasi hiyo. Tazama kama mpishi anageuza kuku mbichi kwa sepeto na koleo fulani kisha akakupakulia kuku aliyeiva kwa vyombo hivyo hivyo bila kuvisafisha. Tazama rangi ya ndani ya kuku: waridi haifai. Nyama ya ng'ombe ya kipande kizima yaweza kuwa nyekundu ndani bila hofu kubwa iwapo nje imeungua vyema, kwa kuwa viini hukaa juu. Ile ya kusagwa haina ruhusa hiyo.

Mwenye mzio wa kweli wa kamba, kaa au ngisi ndiye ninayemhofia zaidi mezani hapo. Yeye ataagiza kuku na kujiona salama, kumbe kuku huyo anakaangwa katika mafuta yale yale, juu ya bamba lile lile alipotoka kamba wa jirani. Kiasi kidogo sana kinatosha kumzibia pumzi. Mtu wa aina hiyo na aseme anapoweka nafasi, si anapokuwa ameketi, na apikiwe jikoni kwa sufuria yake. Ikiwa mkahawa hauwezi, kuna mikahawa mingine. Mafuta ya ufuta, mayai na soya pia hutumika kwa wingi, nao mchuzi wa soya kwa kawaida huwa na ngano ndani yake.

Watoto huvutiwa na mchezo wa moto. Bamba hilo hupita nyuzi 200, na mpishi anapowasha mafuta ndani ya pete za kitunguu miali huruka juu bila onyo. Mtoto mdogo aketi mbali na ukingo, mikono ipakatwe. Ama kuhusu kamba wanaorushwa hewani ili mgeni awadake kwa mdomo, familia moja katika jimbo la New York ilifika mahakamani ikidai kwamba baba yao aliumia shingo mwaka wa 2001 alipokuwa akimkwepa kamba aliyerushwa, na kwamba hilo ndilo lililokuwa chanzo cha kifo chake miezi kadhaa baadaye. Mwaka wa 2006 baraza la mahakama liliamua mkahawa hauna hatia. Mimi bado naona ni afadhali kamba aletwe kwa sahani.

Wanaohitaji tahadhari zaidi

Mama mjamzito asile samaki mbichi, wala chaza mbichi. Bakteria wa listeria, ambaye humea hata ndani ya friji, aweza kumpita mama kwa homa ndogo tu na kumuua mtoto tumboni. Si lazima akatae mwaliko. Sushi za yai, tango, avokado, kamba waliopikwa na mkunga zipo. Lakini kwake samaki wakubwa wawindaji, yaani papa, sulisuli na jodari wale wakubwa, wana neno jingine ambalo moto hauliondoi pia, nalo ni zebaki. Somo hili dunia ililipata Japani, kwa uchungu. Kiwanda kilichokuwa kando ya ghuba ya Minamata kilimwaga zebaki baharini, ugonjwa ukatangazwa rasmi mwaka wa 1956, na miongoni mwa walioumia zaidi walikuwa watoto waliozaliwa na ubongo ulioharibika, hali mama zao wakiwa na dalili chache au hawana kabisa. Samaki wa leo mkahawani hawana kiasi kile. Hata hivyo mtoto tumboni hajui kujitetea, na samoni, kamba na samaki wadogo wana zebaki kidogo sana.

Wazee sana, watoto wadogo, walio katika matibabu ya saratani, wenye kinga dhaifu ya mwili na hasa wenye ugonjwa wa ini nao waachane na vibichi. Mwenye kutumia warfarini asiguse natto, yale maharagwe ya soya yaliyochacha na kunata, kwa kuwa vitamini K iliyomo huvunja nguvu za dawa hiyo.

Na wewe mwenye presha, ambaye umesoma hadi hapa ukijipongeza kwamba hayakuhusu? Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa cha mchuzi wa soya kina zaidi ya gramu 2. Kuna ule wa kuchovya, kuna uliomwagwa kwenye bamba, kuna supu ya miso, na kabla ya kitindamlo umekwisha kula chumvi ya siku mbili. Chovya upande wa samaki, si wa wali; wali hunyonya kama sifongo. Bakuli dogo likiisha usijaze tena.

Kwa wengine wote, nenda ule. Mimi hula, na sushi ya samoni ndiyo niipendayo. Ninapoketi humuuliza mhudumu, bila ukali, jodari wao hutoka wapi, alifika lini na hukaa kwenye baridi gani, na kama samaki wa kuliwa mbichi waligandishwa kabla. Mkahawa mzuri hauoni haya kujibu. Mara nyingine mpishi mwenyewe hutoka kueleza kwa fahari. Nikijibiwa kwa kicheko na bega kupandishwa, huagiza mboga. Sushi ya kuagizwa kwa simu na kuletwa na bodaboda adhuhuri, ikapita Thika Road kwenye msongamano ndani ya mfuko usio na barafu, siigusi.

Yule mhasibu nilimpigia simu siku ile ile niliyogundua kosa langu. Nilimtuma kwa daktari bingwa wa mizio. Vipimo vya ngozi na vya damu vikaonyesha hana mzio wa samaki, kisha akalishwa samaki kidogo kidogo hospitalini akiangaliwa kwa saa kadhaa. Hakikutokea kitu. Desemba iliyofuata alikwenda Kilifi na mamake akampikia changu wa kupaka. Aliporudi aliniambia kuwa mamake alitaka kujua ni daktari gani huyo aliyemnyima bintiye samaki miaka mitatu. Nilimwambia amtajie jina langu.